Geoffrey Taylor na maji yenye kuvuta

Geoffrey Taylor alizaliwa London mu 1886, baba yake mchoraji wa picha. Akiwa kijana alijijengea mashua. Mu 1913, mwaka moja nyuma ya Titanic kuzama, walimtuma na meli Scotia kuchunguza barafu na upepo wa baharini.

Kwetu watu wa usine, kazi yake ya 1934 njo inatugusa. Tunajua: unga wa udongo hauzami haraka, njo maana wanatia dawa, unga unashikamana, vidonge vinashuka. Maji yakivipasua, dawa imepotea bure na maji hayatakati.

Taylor alianza na matone ya mafuta ndani ya sukari nzito ya maji. Kwanza alisukuma sukari upande huu huku na upande ule kule. Tone zito lilizunguka tu, halikupasuka. Kisha akaweka magogo mane yenye kuzunguka, sukari ikavuta pande mbili: tone kama lile likarefuka mpaka likawa uzi. Kumbe si mbio peke yake. Kuvutwa kunashinda kuzungushwa. Nyuma yake wengine walijaribu na vidonge vya unga, wakaona vile vile. Basi angalia pale bomba linapobanwa: hapo maji yanavuta.

Wakati wa vita alienda Marekani kusaidia kazi ya bomu la atomu, ile iliyokula uranium ya kwetu Shinkolobwe. Hiyo ni habari ingine. Alikufa Cambridge mu 1975, na miaka 89.