Al-Masudi, Mwanachuoni Aliyepita Katika Bahari Yetu

Vijana wa darasa yetu hapa Kola wametuuliza kama yafaa Mwislamu kuishughulisha akili yake kwa habari za wanyama, bahari, nyimbo na tarehe za mataifa. Tumeona bora kuwajibu kwa kuwasimulia habari za Abul-Hasan Ali bin Husein al-Masudi.

Alizaliwa Baghdadi katika karne ya 3 ya Hijra, na nasaba yake yapanda hadi kwa Sahaba Abdullah bin Masud, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Alitembea Uajemi na Bara Hindi, na mwaka 304 (916 Miladi) alisafiri kwa jahazi kutoka Kanbalu, kisiwa ambacho wengi hudhani ni Pemba, akaenda Omani. Katika bahari zote alizopanda hakuona yenye hatari kama hii yetu.

Aliona kwamba wenyeji wa pwani hawakumtumia ndovu kwa kazi wala vita, bali walimwinda. Pembe zilikwenda Omani, kisha China na Hindi, zikachongwa mipini ya majambia na sataranji. Sisi tukaao Ukambani, nchi ambayo misafara yake ilichukua pembe hadi Mombasa katika karne ya 19, habari hiyo twaielewa vyema. Akataja tena kwamba watu wa pwani walikuwa na makhatibu wafasaha, wakiwaidhi kwa lugha yao wenyewe. Laiti wanaodharau mawaidha ya Kiswahili na Kikamba wangaliyasoma hayo!

Lakini lililotupendeza zaidi ni habari ya kifaru. Al-Jahiz, bingwa wa fasihi ya Kiarabu, alikuwa ameandika kwamba mtoto wa kifaru hutoa kichwa tumboni mwa mamaye akala majani, kisha akakirudisha. Al-Masudi hakuridhika kwa ukubwa wa jina la msemaji. Akawauliza mabaharia wa Sirafu na Omani, na wafanya biashara aliowakuta Hindi. Wote wakastaajabu, wakamwambia kuwa kifaru huchukua mimba na kuzaa kama ng'ombe. Naye akaandika hivyo.

Katika Muruj al-Dhahab, alichokikamilisha mara ya kwanza mwaka 332 (943), mna pia habari za wafalme, washairi, na asili ya udi na nyimbo. (Hukumu ya ala ina mlango wake katika fikihi, wala hatuufungui leo.) Wako waliomlaumu kwa kuelekea Ushia. Katika itikadi hatumfuati, ila hilo halimfanyi kifaru azae vingine.

Alikufa Fustat, Misri, mwaka 345 (956). Vitabu vyake vingi vimepotea.