Benjamin Franklin, Aliyeionyesha Radi Njia ya Ardhini

Benjamin Franklin alizaliwa mwaka wa 1706 katika mji wa Boston, nchi ya Marekani, ambayo siku hizo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Babaye alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni, mwenye watoto 17. Kwa kuwa fedha ilikuwa haba, Benjamin aliacha shule akiwa na umri wa miaka 10. Alipotimiza miaka 12 akawekwa kwa nduguye mkubwa, James, ajifunze kazi ya kupiga chapa. Usiku alisoma vitabu vya kuazima, akavirudisha alfajiri bila doa.

Mwaka wa 1723 alihitilafiana na nduguye, akatoroka kwenda Philadelphia. Huko, kwa bidii yake, akapata kiwanda chake mwenyewe cha kupiga chapa, na gazeti, na kalenda iliyotoka kila mwaka. Mwaka wa 1736 yeye na rafiki zake walianzisha chama cha kuzima moto, maana moto ulikuwa adui mkubwa wa miji.

Miongoni mwa mambo yaliyoleta moto, radi iliogopwa sana. Ilipiga maghala na nyumba, na hasa minara ya makanisa. Katika nchi za Ulaya watu walikuwa na desturi ya kupiga kengele wakati wa tufani, wakidhani kwamba sauti yake itaifukuza radi. Lakini mara nyingi radi iliupiga mnara, ikawaua wapiga kengele wenyewe.

Basi Franklin alianza kuuchunguza umeme. Mwishoni mwa mwaka wa 1750 alitaka kumwua bata mzinga kwa umeme uliokusanywa katika mitungi miwili ya kioo. Akagusa pasipopasa, akapigwa yeye hata akapotewa na fahamu. Alipopona hakuacha kazi. Alikuwa amekwisha kuona ya kuwa umeme hupita upesi katika chuma na shaba, na ya kuwa ncha kali huuvuta. Akawaza kwamba radi ni umeme huo huo, ila ni mkubwa mno.

Mwezi wa Juni 1752 yeye na mwanawe William walirusha tiara ya hariri chini ya wingu la mvua. Kamba ilikuwa ya katani, na mwisho wake palifungwa ufunguo. Franklin alishika utepe wa hariri uliokuwa mkavu. Punde nyuzi za kamba zikasimama, na alipoukaribia ufunguo kwa kidole, cheche ikaruka. Tiara haikupigwa na radi. Kama ingalipigwa, huenda angalikufa. Jambo hilo asilijaribu mtu yeyote.

Katika kalenda yake ya mwaka wa 1753 akawaeleza watu wote namna ya kulinda nyumba. Uchukuliwe ufito wa chuma. Ncha yake ya juu ipite kilele cha nyumba kwa futi 6 au 8, na mwisho wake wa chini uzikwe futi 3 au 4 katika udongo wenye unyevu. Nyumba ikiwa ndefu, ziwekwe fito mbili, moja kila upande, nazo ziunganishwe kwa waya juu ya paa. Hivyo radi itapita katika chuma mpaka ardhini, isimdhuru mtu.

Mwaka huo huo wa 1753, mwezi wa Agosti, ilionekana hatari ya kuiacha sehemu moja ya mashauri hayo. Katika mji wa St Petersburg, nchi ya Urusi, mtaalamu mmoja, Georg Wilhelm Richmann, alikuwa na ufito juu ya nyumba yake. Kwa kuwa alitaka kuupima umeme, aliuleta mpaka ndani ya chumba, asiuunganishe na ardhi. Tufani ilipokuja akasogea kutazama kipimo chake. Radi ikashuka, ikakosa njia ya ardhini, ikamrukia kichwani, ikapita mwilini mwake. Akafa papo hapo. Chuma kilikuwapo, njia ya ardhini haikuwapo.

Wako waliosema kwamba kuzuia radi ni kupingana na Mungu. Franklin akajibu kuwa radi si ya ajabu kuliko mvua, na watu huezeka paa kujikinga na mvua pasipo kuona dhambi. Polepole fito zikaenea katika nchi nyingi.

Baadaye Franklin alishiriki katika kazi ya kuifanya Marekani kuwa nchi huru. Yeye mwenyewe alikuwa amemiliki watumwa, lakini uzeeni aligeuka, na mwaka wa 1790 alitia sahihi ombi la kutaka utumwa ukomeshwe. Mwaka huo huo, tarehe 17 Aprili, akafa, mwenye umri wa miaka 84.

Katika nyumba zenye umeme, mafundi hufuata kanuni iliyo jirani na hiyo. Vyombo vya chuma na mabomba ya maji huunganishwa kwa waya unaoshuka ardhini. Waya wenye umeme ukichubuka na kugusa chombo, umeme hupita kwa wingi katika waya ule wa ardhini, fyuzi ikakatika, na mwenye kukigusa chombo akasalimika. Waya huo hauwashi taa wala hauchemshi maji, na kwa hiyo mjinga huuona kuwa ni gharama ya bure. Lakini fundi mwenye akili hauachi kamwe.