Allison: Mwana wa Gilgil aliyefumbua siri ya selimundu

Mnamo mwaka 1949 kundi la wasomi vijana wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, liliwasili nchini Kenya kwa msafara wa kisayansi katika Mlima Kenya, mlima ambao wenyeji wa Meru na Embu huuona kila kunapokucha iwapo mawingu yataruhusu. Wenzake walishughulika na mimea na wadudu. Anthony Clifford Allison, kijana ambaye hata miaka 25 hakuwa ametimiza, alikusanya damu.

Damu hiyo ilikusudiwa kupimwa makundi yake, ili wataalamu wapate mwanga kuhusu nasaba za makabila ya Afrika Mashariki. Allison aliongeza kipimo kimoja zaidi. Alichanganya tone la damu na kemikali inayoiondolea oksijeni, kisha akaliangalia kwa hadubini. Kwa baadhi ya watu chembe nyekundu zilibaki mviringo kama kawaida. Kwa wengine zilijikunja zikawa mfano wa mundu wa kukatia majani. Hiyo ndiyo dalili ya jeni ya selimundu, maradhi ya kurithi ambayo wengi huyaita sikoseli.

Matokeo yalimshangaza. Miongoni mwa jamii za Pwani na zile za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Katika nyanda za juu zilizo katikati, hawakufika hata mmoja katika 100.

Allison hakuwa mgeni wa nchi hii. Alizaliwa Afrika Kusini mwezi Agosti 1925, lakini alilelewa katika shamba la wazazi wake huko Gilgil, Bonde la Ufa. Utotoni aliugua malaria, na uchimbaji wa Louis Leakey ulimtia hamu ya kujua asili ya binadamu. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kabla ya kwenda Oxford kuendelea na masomo na kuhitimu udaktari mwaka 1952.

Ili fumbo lake lieleweke, yafaa tukumbuke jinsi maradhi haya yanavyorithiwa. Kila mtu hupokea jeni mbili za himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi moja yenye hitilafu kwa kawaida huishi bila kuugua. Aliyerithi mbili ndiye mgonjwa: chembe zake huziba mishipa midogo, akapatwa na maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wanapopata mtoto, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kuleta mgonjwa. Mwandishi wa makala haya amehariri habari nyingi zilizoyaita maradhi haya laana ya ukoo, na kila mara amelifuta neno hilo.

Wakati huo karibu watoto wote waliorithi jeni mbili walikufa wangali wadogo. Kwa nini basi jeni inayoua hivyo haikutoweka? Allison alitazama tena ramani yake. Kulikokuwa na jeni nyingi ndiko kulikokuwa na malaria nyingi, na kwenye baridi ya milimani, ambako mbu hawastawi, jeni ilikuwa adimu. Akawaza kwamba jeni moja humkinga mtoto dhidi ya malaria, na kwamba faida hiyo ndiyo inayofidia vifo vya wale wenye mbili.

Alirejea Afrika Mashariki mwaka 1953. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, na misitu ya mlima aliouzuru miaka minne nyuma ilikuwa uwanja wa vita vya ukombozi. Kazi yake iliyojulikana zaidi ilifanyika Uganda. Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 waliokuwa na jeni ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria katika damu. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, waliokutwa na vimelea walikuwa 113. Tofauti hiyo ilikuwa dhahiri kwa yeyote anayejua hesabu.

Jaribio la pili halisomeki kwa utulivu siku hizi. Allison aliwachukua wanaume 30 Wajaluo waliojitolea, 15 wenye jeni na 15 wasiokuwa nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi na baadaye kuwatibu. Katika kundi lisilo na jeni walishikwa 14. Katika lile jingine wawili tu. Matokeo yalikuwa makubwa, lakini tuseme wazi: hakuna kamati ya maadili ya leo ambayo ingeliruhusu jaribio hilo kwa namna lilivyofanywa, na neno kujitolea lilikuwa na uzito mwingine katika koloni. Vitabu vya sayansi humtaja Allison kwa jina. Wanaume hao huwataja kwa idadi.

Alipima pia karibu watu 5,000 wa makabila zaidi ya 30 ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kisha mwaka 1954 akachapisha makala tatu zilizoeleza hoja yake. Si wote waliosadiki. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani waliwaambukiza malaria watu waliojitolea huko kwao na hawakuona kinga yoyote. Ilichukua miaka mingi kabla ya jambo hilo kukubalika kwa jumla, na baadhi ya ushahidi mzito ulitoka papa hapa nchini: utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba jeni moja ya selimundu hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Huo ulikuwa mfano wa kwanza ulio wazi wa uteuzi wa asili ukifanya kazi kwa binadamu. Tuzo ya Nobel haikumfikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo. Baadaye alihamia California, ambako yeye na mkewe, Elsie Eugui, walitengeneza dawa ambayo wagonjwa wengi waliopandikizwa figo wanaijua: mycophenolate mofetil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Hata hapo alianzia kwenye maradhi ya kurithi. Kuna watoto wanaozaliwa wakiwa na hitilafu ya kimeng'enya kiitwacho ADA, wakawa hawana kinga ya mwili kabisa. Wengine huwa na hitilafu ya kimeng'enya cha njia jirani, wakaharibikiwa na ubongo lakini kinga yao ikabaki. Kwa kuwalinganisha, Allison alitambua ni njia ipi ambayo chembe za kinga huitegemea ili kuzaana, akatafuta dawa ya kuifunga ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine.

Ni hao hao watoto wa ADA waliofungua ukurasa wa tiba ya jeni. Mwezi Septemba 1990, huko Marekani, msichana wa miaka minne alitiwa chembe zake mwenyewe za damu zilizokwisha kupewa jeni nzima.

Zamu ya selimundu ilifika mwishoni mwa 2023, Allison akiwa kaburini tangu Februari 2014. Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Chembe mama za damu hutolewa mwilini, jeni inayozuia himoglobini ya kichanga hunyamazishwa katika maabara, uboho wa mgonjwa husafishwa kwa dawa kali, kisha chembe zake hurudishwa. Wengi waliofanyiwa majaribio walipitisha mwaka mzima bila mashambulizi ya maumivu. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, yaani zaidi ya Sh250 milioni kwa mtu mmoja. Kwa wajukuu wa watu waliotoa damu ya 1949, hiyo ni habari ya kusoma gazetini.

Meru na Embu zina hoja yao katika ramani ile. Tarakimu ndogo ya nyanda za juu haikuwa kinga ya damu ya watu wa mlimani. Ilikuwa baridi tu. Ukiteremka kutoka miteremko ya chai hadi Tharaka, Mbeere au tambarare za Mwea, unaingia nchi ya joto na mbu. Tena watu wa leo hawakai walikozaliwa babu zao. Mwalimu wa Embu huoa Kisumu, muuguzi wa Meru huolewa Kilifi, na watoto wao huzaliwa katika miji ambako daktari hana mazoea ya kuwaza selimundu anapoona vidole vya mtoto vimevimba. Atasema ni baridi yabisi, na mwaka mmoja au miwili itapita.

Miaka hiyo ndiyo inayoua. Mtoto akigunduliwa mapema, penisilini ya kila siku humkinga na maambukizi, chanjo humsaidia, na haidroksiyurea, dawa ya kumeza isiyokaribia hata kidogo bei ya tiba ya jeni, hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Ugunduzi wenyewe huanza na tone la damu, kama lile ambalo Allison aliliweka chini ya hadubini mwaka 1949.