Kivoi wa Mwendwa: Mamlaka Bila Kodi

Aghalabu tunapozungumzia utawala wa kale, huwaza mfalme, watoza kodi na hazina. Ukambani ya karne ya 19 haikuwa na lolote kati ya hayo. Mambo ya kila utui yaliamuliwa na wazee katika nzama. Hata hivyo, Kitui ilikuwa na Kivoi wa Mwendwa, ambaye sifa zake zilivuma hadi Mombasa.

Nguvu ya Kivoi ilitokana na misafara. Aliongoza watu wengi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurejea na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Huko pwani, Sayyid Said, aliyeitwaa Mombasa mwaka 1837, aliendesha dola kwa ushuru wa forodha, akiukodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliomlipa kiasi maalumu kila mwaka. Pembe zilizomtajirisha Kivoi bara zilimpatia Sultani ushuru bandarini. Ila Sultani aliweza kudai, ilhali Kivoi alilazimika kuvutia. Hakuwa na haki ya kutoza kodi; alifuatwa maadamu safari zake zilileta faida na usalama.

Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, alipitia Kikumbulyu, katika Makueni ya leo, akafika kwa Kivoi. Akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba, aliuona mlima ambao jina lake la Kikamba, Kiinyaa, huhusishwa na jina la nchi yetu.

Agosti 1851 wawili hao walisafiri kuelekea Mto Tana. Msafara ulivamiwa na wanyang'anyi, wafuasi wakatawanyika, Kivoi akauawa. Krapf aliponea chupuchupu, na jamaa za marehemu wakamlaumu kwa kifo hicho.

Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligawana dola, na forodha ya Zanzibar ikaendelea kutoza ushuru. Kivoi hakuacha kiti cha namna hiyo. Miongo iliyofuata, misafara ya Waarabu na Waswahili ilizidi kupenya bara na kuwapokonya Wakamba nafasi yao.

Kwa hiyo, neno chifu, analobandikwa Kivoi katika maandishi mengi, linapotosha. Linamvika cheo chenye amri na kodi, ilhali yeye alikuwa kiongozi wa misafara, na mamlaka yake yalidumu kadiri watu walivyoendelea kumwamini.