Tabibu Aliyesoma Maradhi Machoni

Mtu akizungushwa kisha akasimamishwa ghafula, macho yake hayatulii. Mboni hujikokota polepole upande mmoja, kisha hurudi kwa mruko. Aliyetufundisha kuisoma miruko hiyo ni Robert Bárány, mzaliwa wa Vienna, Austria, mwaka 1876. Utotoni alipatwa na kifua kikuu cha mifupa, goti lake likakakamaa maisha yake yote.

Katika zahanati ya masikio mjini Vienna, aliwaosha wagonjwa masikio kwa bomba la maji. Wengi walishikwa na kisunzi, na mboni zao zikirukaruka. Siku moja mgonjwa akamlalamikia kuwa maji yakiwa baridi ndipo kisunzi humjia. Tabibu mwingine angepasha maji, yakaisha. Bárány akayatia ya moto zaidi, na kisunzi kikarudi, lakini mboni sasa ziliruka upande wa pili! Akakumbuka tangi la maji ya kuogea: ya moto hupanda, ya baridi huzama. Akatambua kuwa maji yaliyomo katika mirija midogo ya sikio la ndani hufanya vivyo hivyo, na ubongo hudhani kichwa kinageuka. Mboni zisiporuka, sikio hilo au mshipa wake una ila. Hayo aliyachapisha mwaka 1906.

Vita vya 1914 vilipozuka, alijitolea na goti lake hilo, akawa tabibu katika ngome ya Przemyśl. Ngome ilipoanguka mwaka 1915, Warusi walimteka wakampeleka Merv, ambayo leo imo Turkmenistan. Ndiyo Marw ya Khurasani, msomaji, alikozaliwa Imamu Abdullah bin al-Mubarak. Huko aliugua malaria, naye akiwatibu wafungwa wenzake na wenyeji. Huko huko ndiko ilikomfikia habari kuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Mwana wa mfalme wa Sweden, Carl, akamwombea kwa Warusi kupitia Msalaba Mwekundu, akaachiliwa mwaka 1916.

Aliporejea Vienna hakupokewa kwa shangwe. Wenzake walimshitaki kuwa katumia kazi za wengine bila kuwataja. Ni kweli kwamba kisunzi cha maji baridi kilijulikana kabla yake. Lakini kwa maoni yangu, aliyekigeuza kuwa kipimo ni yeye. Mwaka 1917 akahamia Uppsala, Sweden, akafundisha huko hadi alipofariki tarehe 8 Aprili 1936, siku 14 kabla ya kutimiza miaka 60.

Mwaka 1983 wanaanga walipimwa angani, mahali ambapo maji ya moto hayapandi, na macho yao yakaruka vilevile. Kumbe tangi la kuogea halikueleza yote. Kipimo chenyewe kimebaki. Hata leo, mgonjwa akizimia pasi na kuamka, madaktari humtia maji ya barafu sikioni wakayatazama macho yake. Yakikaa kimya kabisa, hiyo ni moja ya dalili zinazopimwa kabla ya kutamka kwamba ubongo umekufa.