Jenerali Thompson na Bunduki Yake

Tangu nisome habari za mtu huyu katika maktaba yetu nimekuwa nikimwaza sana, nami naona si vibaya kuwasimulieni.

John Taliaferro Thompson alizaliwa mwaka 1860 huko Newport, Kentucky, nchini Marekani. Baba yake alikuwa mwanajeshi, naye akaifuata njia hiyo, akamaliza chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1882. Baadaye alitumikia idara ya silaha mpaka alipostaafu mwaka 1914.

Wakati huo Vita Kuu vilikuwa vimeanza, na askari wakifa kwa maelfu mahandakini Ulaya. Thompson alitaka kumpa askari bunduki nyepesi inayojipakia risasi yenyewe. Mwaka 1916 akaunda kampuni ya Auto-Ordnance kwa fedha za tajiri Thomas Ryan.

Kwanza mambo yalikwenda kombo. Alitegemea komeo lililobuniwa na afisa wa manowari, John Blish, ambalo ilidhaniwa vipande vyake vya metali hunatana vikisukumwa kwa nguvu nyingi. Mhandisi wake, Theodore Eickhoff, alilijaribu kwa risasi za bunduki, likashindwa. Risasi iliyolifaa ilikuwa ile fupi ya bastola tu. Mwingine angekata tamaa. Thompson alibadili shauri, akaagiza itengenezwe bunduki ndogo ya rashasha, ya kushikwa mkononi, ya kufagilia handaki la adui.

Bunduki za majaribio zilikuwa tayari kupelekwa Ulaya, mara vita vikaisha, tarehe 11 Novemba 1918!

Mwaka 1921 kiwanda cha Colt kilianza kumtengenezea bunduki 15,000, lakini majeshi yalinunua chache. Wahalifu ndio waliozipenda. Tarehe 14 Februari 1929 watu saba walipigwa risasi nazo ndani ya gereji moja mjini Chicago. Bwenini tulibishana hata taa zikazimwa, kama mtengenezaji alaumiwe. Mimi nilimtetea, ila nikiwakumbuka wale saba ulimi huwa mzito. Mwenyewe uzeeni alimwandikia Eickhoff kwamba jambo hilo lilimsumbua.

Alikufa tarehe 21 Juni 1940, vita vingine vikiwaka. Katika vita hivyo zilitengenezwa bunduki zake zaidi ya milioni moja. Na lile komeo la Blish lililomhangaisha? Mwaka 1942 mafundi waliliondoa kabisa, na bunduki ikapiga vile vile.