Maisha ya Carl Friedrich Gauss

Katika masomo yaliyotangulia umejifunza kupima urefu, kupima pembe na kusoma ramani. Kazi hizo zote hutegemea hesabu. Yumkini umepata kujiuliza swali hili: mtu akisoma hisabati mpaka chuo kikuu, atafanya kazi gani baadaye? Sasa utasoma habari za mtu ambaye swali hilo lilimkabili mara mbili katika ujana wake. Jina lake ni Carl Friedrich Gauss. Soma kwa makini, ukitazama jinsi alivyochagua masomo yake na jinsi alivyojiandaa kwa kazi.

1. Utoto wake

Gauss alizaliwa tarehe 30 Aprili 1777 katika mji wa Braunschweig, Ujerumani. Siku zile Ujerumani haikuwa nchi moja. Iligawanyika katika tawala nyingi, na kila utawala ulikuwa na mkuu wake. Wazazi wake walikuwa watu maskini. Baba yake alifanya kazi za mikono, kama vile kutunza bustani na kujenga kuta. Mama yake hakufundishwa kuandika, kwa hiyo hakuandika popote tarehe aliyozaliwa mwanawe. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa siku ya Jumatano, siku nane kabla ya sikukuu ya Kikristo ya Kupaa. Gauss alipokuwa mtu mzima alitumia kumbukumbu hiyo ya mama yake, akaikokotoa tarehe yenyewe.

Alianza shule akiwa na umri wa miaka saba. Husimuliwa kwamba siku moja mwalimu aliwaamuru wanafunzi wajumlishe namba zote kuanzia 1 hadi 100. Wenzake walianza kujumlisha namba moja baada ya nyingine. Gauss aliona njia fupi. Ukijumlisha 1 na 100 unapata 101. Ukijumlisha 2 na 99 unapata 101 tena. Hali kadhalika 3 na 98. Jozi za namna hiyo ni 50, basi jumla yake ni 50 mara 101, yaani 5,050. Utaona kwamba Gauss hakushika kalamu kwa pupa. Kwanza alizitazama namba zenyewe na kutafuta mpango uliomo ndani yake.

2. Msaada wa masomo

Baba yake alitazamia kwamba kijana huyo angejifunza kazi ya mikono ili aisaidie familia. Ada ya masomo ya juu ilikuwa jambo lisilowezekana nyumbani kwao. Lakini walimu wake walitambua kipawa chake, nao wakaeneza habari zake. Mwaka 1791, Gauss alipokuwa na umri wa miaka 14, alipelekwa mbele ya mtawala wa Braunschweig, aliyeitwa Carl Wilhelm Ferdinand. Mtawala huyo akakubali kumpa posho ya masomo. Kwa posho hiyo Gauss alisoma katika chuo cha Braunschweig kuanzia mwaka 1792 hadi 1795.

3. Kuchagua masomo ya chuo kikuu

Mwaka 1795 ulifika wakati wa kwenda chuo kikuu. Utawala wa Braunschweig ulikuwa na chuo kikuu chake katika mji wa Helmstedt. Hata hivyo, Gauss alichagua kwenda Göttingen, mji uliokuwa chini ya utawala mwingine. Chuo kikuu cha Göttingen kilikuwa na maktaba kubwa yenye vitabu vingi. Mwanafunzi huyu alikwisha kujua kwamba chuo ni zaidi ya majengo. Alitaka mahali ambapo angeweza kusoma kazi za wataalamu waliomtangulia.

Lakini asome nini? Hapo ndipo swali lilipomkabili mara ya kwanza. Gauss alipenda hisabati, na alipenda pia lugha za kale, yaani Kigiriki na Kilatini. Katika miezi yake ya mwanzo aliazima katika maktaba vitabu vya lugha na vya hisabati pia. Hakuharakisha uamuzi wake. Aliendelea kusoma huku akijipima mwenyewe.

Jibu lilikuja tarehe 30 Machi 1796, alipokuwa hajatimiza miaka 19. Wewe unajua kuigawa duara katika sehemu sita zilizo sawa kwa kutumia bikari. Wagiriki wa kale walijua pia kuigawa katika sehemu tatu, nne na tano kwa kutumia bikari na rula isiyo na alama za vipimo. Tangu wakati wao, kwa muda wa miaka zaidi ya 2,000, hakuna aliyeonyesha kwamba duara inaweza kugawanywa kwa vyombo hivyo katika sehemu 17 zilizo sawa. Gauss alithibitisha kwamba inawezekana. Siku hiyo alianza kuandika ugunduzi wake katika daftari, na tangu hapo akashika njia ya hisabati.

Aliondoka Göttingen mwaka 1798. Mwaka 1799 alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Helmstedt. Mwaka 1801 alitoa kitabu kikubwa kuhusu tabia za namba, nacho kimewaongoza wataalamu wa hisabati hata baada ya kufa kwake.

4. Sayari iliyopotea

Sasa swali lilimkabili mara ya pili: baada ya shahada, kazi gani? Gauss alikuwa bado anaishi kwa posho ya mtawala. Posho inategemea maisha na hiari ya mtu anayeitoa. Gauss alihitaji kazi yake mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1801 likatokea jambo lililowashughulisha wataalamu wa nyota. Tarehe 1 Januari 1801, Giuseppe Piazzi aliona kitu kipya angani. Piazzi alikuwa Palermo, katika kisiwa cha Sicily ambacho leo ni sehemu ya Italia. Kitu hicho kilipewa jina la Ceres. Siku hizi kinahesabiwa kuwa sayari kibete. Piazzi alikifuatilia kwa darubini kwa siku 41 tu. Kisha kikaingia upande wa mwanga wa Jua, kikawa hakionekani tena.

Fikiri juu ya ugumu wa jambo hilo. Ceres hulizunguka Jua mara moja katika muda wa miaka 4 na miezi 7 hivi. Siku 41 ni kama sehemu moja tu ya arobaini ya safari hiyo. Ni kama kumwona mtu akipiga hatua chache barabarani, kisha kutakiwa kutaja mahali atakapokuwa baada ya miezi kadhaa. Anga ni kubwa mno, na wataalamu hawakujua waelekeze wapi darubini zao.

Gauss, akiwa na umri wa miaka 24, alichukua vipimo vya Piazzi akaanza kukokotoa. Alitumia mbinu zake mwenyewe, akataja mahali ambapo Ceres ingeonekana. Mwezi Desemba 1801, mtaalamu wa nyota Franz Xaver von Zach alielekeza darubini karibu na mahali hapo, na Ceres ikapatikana. Habari hizo zilienea Ulaya nzima.

Tangu hapo Gauss aliongeza bidii katika elimu ya nyota. Alijifunza kutumia vyombo, akatazama nyota usiku na kuandika vipimo. Kwa namna hiyo aliiongezea hisabati yake ufundi ambao watu waliuhitaji na waliokuwa tayari kuulipia.

5. Posho inakoma

Mwaka 1805 Gauss alioa, na mwaka 1806 akapata mtoto wa kwanza. Mwezi Oktoba mwaka huo majeshi ya Ufaransa yalipigana na majeshi ya Prussia. Mtawala wa Braunschweig, aliyekuwa kiongozi wa majeshi ya Prussia, alijeruhiwa vibaya vitani, akafa mwezi Novemba. Mfadhili alikuwa ameondoka, naye Gauss alikuwa na mke na mtoto mchanga wa kulisha.

Hapa faida ya maandalizi yake ilionekana. Mwaka 1807 chuo kikuu cha Göttingen kilimpa kazi ya profesa wa elimu ya nyota na mkuu wa kituo cha kutazamia nyota. Kazi hiyo aliishika mpaka mwisho wa maisha yake. Kama angaliisubiri siku ya shida ndipo aanze kujifunza kutumia darubini, angalikuwa amechelewa.

6. Hisabati katika kazi nyingi

Usidhani kwamba Gauss alitazama nyota tu. Alitakiwa kuongoza upimaji wa ardhi katika utawala wa Hannover. Upimaji huo ulitumia pembetatu. Ukiujua urefu wa upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, unaweza kukokotoa pande nyingine bila kuzipima kwa miguu. Kwa miaka kadhaa Gauss alisafiri, akapanda vilima na kupima pembe kutoka kilima hadi kilima. Vilima vingine vilikuwa mbali sana visionekane vizuri. Kwa hiyo mwaka 1821 alibuni chombo chenye kioo, kilichoakisi mwanga wa Jua kuelekea kwa mpimaji aliye mbali. Kwa msaada wa mwanga huo, alipima pembetatu yenye upande wa zaidi ya kilometa 100.

Huenda umeona nguzo fupi ya saruji juu ya kilima karibu na kijiji chenu. Nguzo nyingi za namna hiyo ziliwekwa na wapima ardhi. Nchini Tanzania pia ardhi ilipimwa kwa njia ya pembetatu.

Mwaka 1833 Gauss na mwenzake Wilhelm Weber, mtaalamu wa fizikia, walitandika waya juu ya mapaa ya nyumba za Göttingen. Waya huo ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilometa 1. Walipitisha umeme ndani yake, nao umeme ukaichezesha sumaku upande wa pili. Kwa ishara hizo walipelekeana habari. Hiyo ilikuwa mojawapo ya telegrafu za kwanza duniani.

Kati ya mwaka 1845 na 1851 alifanya kazi nyingine tena. Chuo kikuu kilikuwa na mfuko wa fedha za kuwatunza wajane wa maprofesa. Gauss alikokotoa kiasi ambacho mfuko ungeweza kulipa bila kuishiwa. Hesabu za namna hiyo hutumika leo katika mifuko ya pensheni na mashirika ya bima.

Gauss alifariki dunia mjini Göttingen tarehe 23 Februari 1855, akiwa na umri wa miaka 77. Ujerumani iliweka picha yake kwenye noti ya mark 10, iliyotumika mpaka mwaka 2001. Upande wa nyuma wa noti hiyo ulionyesha chombo cha kupimia na mchoro wa baadhi ya pembetatu alizopima.

7. Tunajifunza nini?

Mtu aliyesoma hisabati anaweza kuwa mwalimu, mpima ardhi, mtaalamu wa nyota, mhandisi au mtunza mifuko ya fedha. Siku yako ya kuchagua itakapofika, kumbuka mpango wa Gauss. Alichagua chuo kwa kutazama vitabu vyake. Alichagua somo baada ya kujipima. Tena hakuridhika na shahada peke yake. Alijifunza kutumia hisabati katika kazi ya kweli kabla shida haijamfikia. Nawe unaweza kuanza leo, kwa kuzitumia hesabu unazojifunza kupima vitu vilivyo karibu nawe.

Jaribio

Pima umbali bila kuufikia mti. Fanyeni kazi hii wawili wawili katika kiwanja cha shule.

(a) Chukua karatasi ya mraba. Ikunje kutoka pembe hadi pembe ya mkabala ili upate pembe ya digrii 45.
(b) Simama ukiutazama mti ulio upande wa pili wa kiwanja. Weka jiwe mahali uliposimama.
(c) Geuka kwa pembe mraba, utembee mstari ulionyooka. Simama mara kwa mara uitazame pembe ya karatasi. Upande mmoja uelekee kwenye jiwe, wa pili uelekee kwenye mti.
(d) Pande zote mbili zikilingana na jiwe na mti, simama. Umbali kutoka hapo hadi kwenye jiwe ni sawa na umbali kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mti.
(e) Hakikisheni jibu lenu kwa kupima kwa kamba.

Maswali

1. Kwa nini Gauss alichagua kwenda Göttingen badala ya Helmstedt?
2. Tumia njia ya Gauss kujumlisha namba zote kuanzia 1 hadi 20.
3. Kwa nini ilikuwa vigumu kuipata Ceres mara ya pili?
4. Ni jambo gani lililomsaidia Gauss kupata kazi baada ya posho yake kukoma?
5. Taja kazi tatu zinazofanywa katika wilaya yenu ambazo huhitaji hisabati. Eleza jinsi hisabati inavyotumika katika kila kazi.